Abee Iliyobaki Mdomoni

Ting.

Kengele moja. Usiku. Kisha kimya.

Msichana mdogo alifumbua macho. Giza la huku lilikuwa zito kuliko giza la nyumbani. Hakukuwa na vyura. Hakukuwa na redio ya jirani.

"Baba," alinong'ona. "Ni nini hicho?"

"Ni mbuzi," Baba akasema. "Yuko chini ya sakafu. Amejigeuza usingizini."

"Mbuzi analala ndani ya nyumba?"

"Huku kuna baridi. Mbuzi hulala chini, watu hulala juu. Joto lake linapanda kwetu."

"Ananuka."

"Na yeye anasema hivyo hivyo juu yako. Lala."

Baba akalala. Msichana hakulala. Alisikiliza.

Ting, ikasema kengele. Ting.

Msichana huyu alikuwa na miaka sita. Kwao ni Muheza, kwenye machungwa. Alikuwa amepanda basi, akapanda ndege, akapanda ndege nyingine, akapanda gari la mizigo lenye mlango uliofungwa kwa kamba.

Alikuja kwa bibi yake, mama wa baba yake. Bibi alikaa katika milima ya Wakurdi, kwenye nyumba ya mawe, juu, juu, karibu na mawingu.

Msichana alikuwa na jina. Jina zuri. Jina fupi.

Lakini hatutalitaja sasa. Kuna mtu anayepaswa kulitaja kwanza. Tumngoje.

Mama hakuja. Mama alibaki Muheza na tumbo kubwa, kwa sababu mtoto alikuwa njiani.

Siku ya kuondoka, Mama alimfunga msichana vifungo vya koti. Akamwambia, "Ukifika kwa bibi yako, ukiitwa jina, usiseme 'nini'. Itika vizuri. Utasemaje?"

"Abee."

"Eeh. Wajue una mama aliyekulea."

Basi msichana aliibeba abee yake mdomoni. Akaibeba kwenye basi. Akaibeba kwenye ndege. Akaibeba mpaka mlangoni kwa Bibi.

Bibi alikuwa mfupi. Alikuwa na kilemba cheupe na mikono mikavu. Alinuka moshi na maziwa.

Alimshika msichana mashavu. Alimtazama macho. Alimtazama nyusi. Alimtazama muda mrefu, mrefu sana.

"Kecha min," Bibi akasema.

"Anasema, binti yangu," Baba akaeleza.

Msichana akangoja. Sasa ataniita jina, aliwaza.

Bibi hakulitaja jina. Aligeuka, akaenda kuweka chai jikoni.

Na abee ikabaki mdomoni.

Kulipokucha, Baba alimfundisha maneno. Walikaa juu ya paa. Huko paa ni tambarare, na watu hukaa juu yake kama barazani.

"Asubuhi sema, roj bash. Siku njema."

"Roj bash."

"Usiku sema, shev bash. Usiku mwema."

"Shev bash."

"Ukipewa kitu sema, spas. Asante."

"Spas. Kama mtu anayepiga chafya."

Baba akacheka. "Basi piga chafya kila unapopewa chakula."

Chini yao, bonde lilikuwa la kijani. Mbele yao kulikuwa na mlima. Nyuma ya mlima kulikuwa na mlima mwingine, na nyuma ya huo, mwingine.

"Baba, Kikurdi kimetoka wapi?"

Baba alifikiri kidogo. Baba ni seremala. Hufikiri kabla ya kukata ubao.

"Kimetoka zamani," akasema. "Zamani kuliko nyumba hii. Wachungaji walikisema wakiita mbuzi. Akina mama walikisema wakibembeleza watoto."

"Kilikuwa peke yake?"

"Hapana. Kina ndugu. Kiajemi ni ndugu yake. Wanafanana pua, lakini kila mmoja ana sauti yake. Kama Kiswahili na Kikomoro."

"Na nchi yake ni ipi?"

"Hakina nchi moja. Milima hii imegawanywa na nchi nne. Lugha yenyewe haina habari na mpaka. Inapanda upande huu, inashuka upande ule, na mbuzi wake."

Baba akavuta blanketi, akamfunika msichana miguu.

"Palikuwa na wakati, mahali pengine, watoto walikatazwa kuisema shuleni. Waliiacha mlangoni asubuhi. Wakitoka, waliichukua tena, wakarudi nayo nyumbani."

"Ikawangoja?"

"Ikawangoja."

Bibi alipanda ngazi na birika na vikombe vidogo. Alionyesha birika. "Chay," akasema.

Msichana akakodoa macho. "Chai!"

Bibi alionyesha kipande cheupe kando ya ndoo. "Sabun."

"Sabuni," akasema msichana. "Baba, anajua Kiswahili."

"Hapana," Baba akasema. "Maneno hayo ni wasafiri. Yamepita kwao, yamepita kwetu. Hayahitaji viatu wala tiketi."

Msichana alikunywa chai. Ilikuwa nyeusi na tamu. Kwa muda mdogo, Muheza ilikuwa karibu.

Kwa muda mdogo tu.

Jioni, Baba alikunja nguo zake.

"Kesho nashuka bondeni," akasema. "Kaka yangu amejenga. Nyumba yake haina milango. Nitakuwa huko siku saba."

"Twende wote."

"Huko kuna misumari na vumbi. Kaa na Bibi. Mjuane."

Msichana akatazama miguu yake. "Hajui jina langu."

Baba akaacha kukunja nguo.

"Analijua," akasema polepole. "Njoo hapa."

Akamweka magotini.

"Jina lako nilikupa mimi. Lilikuwa jina la dada yangu. Alikuwa mdogo kama wewe. Mwaka mmoja theluji ilifunga njia. Akaugua, na daktari hakuweza kupanda. Bibi alimwita. Alimwita, alimwita."

"Hakusema abee?"

"Hakusema."

Chini ya sakafu mbuzi alitafuna kitu. Kruch, kruch.

"Kwetu, jina la aliyeondoka hupewa anayekuja," Baba akasema, "ili jina lisikae peke yake. Kwa hiyo wewe ulipozaliwa, nikalichukua. Nikampigia simu Bibi. Akauliza macho yako yakoje. Akauliza nywele. Jina hakutaka nilitamke."

"Hanipendi."

"Anakupenda. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Baba akafikiri kabla ya kukata ubao. "Anaogopa kuliita halafu pasiwe na mtu."

"Lakini mimi nipo."

"Wewe upo," Baba akasema. "Mpe siku. Na jina lako si jina tu. Huku ni neno la kila siku. Maana yake ni kiota."

Asubuhi gari la mizigo likaja. Dudududu, likanguruma. Baba akapanda. Mkono wake ukapunga, ukapunga, ukawa mdogo, ukaisha.

Msichana akabaki na Bibi.

Bibi hakujua Kiswahili. Msichana hakujua Kikurdi. Katikati yao palikuwa na kimya kipana kama uwanja wa mpira.

Bibi alikanda unga. Pa, pa, pa. Akausukuma ukawa mwembamba kama leso. Akautandaza juu ya bamba la chuma lililobinuka kama mgongo wa kobe.

Akamkatia msichana kipande cha moto.

"Nan," akasema.

"Nan," akasema msichana. "Spas."

Bibi akamimina maji kwenye bilauri. "Av."

"Av. Spas."

Bibi akaonyesha jiwe. "Kevir." Akaonyesha mti. "Dar." Akaonyesha mbuzi mwenye kengele. "Bizin."

Ting, akasema Bizin.

Msichana alijifunza yote. Kisha akajionyesha kidole kifuani, mwenyewe.

Bibi akamtazama. Mikono yake ikasimama juu ya unga.

"Kecha min," akasema kwa sauti ya chini. Akaendelea kukanda.

Nan ni mkate, av ni maji.
Na mimi, nani ataniita?

Mchana msichana alikaa mlangoni. Juu yake, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na kiota cha mbayuwayu. Kilikuwa cha udongo. Ndani yake kulikuwa na vinywa vitatu vidogo, wazi.

Twii, twii, twii.

Bibi akatoka na ndoo.

Msichana akanyoosha kidole juu, kwenye kiota.

Bibi akatazama. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaenda na ndoo yake, na maji yakamwagika njia nzima.

Msichana akashusha kidole.

Nan ni mkate, av ni maji.
Na mimi, nani ataniita?

Siku ya pili watoto walikuja. Walikuwa wasichana wanne na mbuzi wengi. Mkubwa wao aliitwa Zilan. Alikuwa na miaka minane na pengo mbele.

Walisema Kikurdi. Sisi tutakisema Kiswahili, ili tuelewe. Msichana hakuelewa, maskini.

"Nywele zake zimesukwa njia njia, kama shamba," akasema mmoja.

"Nzuri," akasema mwingine. "Za kwako ni kama manyoya ya kondoo."

"Kondoo ni mama yako."

"Nyamazeni," akasema Zilan. "Nimuulize." Akasogea karibu. Akasema polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi: "Nave te chi ye?"

Hilo msichana alilielewa. Baba alimfundisha. Jina lako nani?

Na jibu alilijua. Nave min, halafu jina, halafu e. Jina langu ni fulani.

"Nave min," akaanza.

Akamwona Bibi mlangoni. Bibi alikuwa ameshika mkate. Alisimama kama mtu anayengoja kupigwa na baridi.

Msichana akameza jina lake.

"Nave min... nave min..." akasema.

"Hana jina," akasema mmoja.

"Kila mtu ana jina," akasema Zilan. "Hata mbuzi wangu mbaya ana jina."

Wakangoja kidogo. Kisha wakaondoka na mbuzi wao. Ting, tong, ting, tong. Vumbi likatulia.

Usiku Bibi aliweka mkono kwenye paji la msichana. "Tu chawa yi?" akauliza. Hujambo?

"Ez bash im," akasema msichana. Sijambo.

Lakini hakuwa bash. Aligeukia ukuta. Akalia machozi madogo, yasiyo na sauti, ili Mama asisikie kule Muheza.

Ting, akasema Bizin chini ya sakafu.

"Shev bash, Bizin," akanong'ona msichana.

Siku ya nne, jambo lilitokea.

Msichana alikuwa nyuma ya nyumba, akimpa Bizin majani. Mara akasikia sauti ya mwanamke kutoka upande wa pili.

"Kecha min, were! Kecha min, were!"

Were ni njoo. Hilo alilijua. Binti yangu, njoo.

Bibi ananiita, aliwaza. Ananiita.

Akaacha majani. Akakimbia. Akazunguka nyumba mbio, viatu vikimtoka, na abee ikaruka mdomoni mwake yenyewe.

"Abeeee!"

Hakuwa Bibi. Alikuwa mama yake Zilan, amesimama njiani na fimbo. Alikuwa anamwita Zilan.

Zilan alitazama. Wale wasichana wengine walitazama.

"Abeee," akasema mmoja.

"Abeee," akasema mwingine. "Anaongea kama mbuzi."

"Mbeee. Abeee. Mbeee."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata mbuzi mmoja akaitika.

Zilan hakucheka sana. Alicheka kidogo tu, mkono mdomoni, juu ya pengo. Lakini kidogo nacho kinauma.

Msichana aliokota viatu vyake. Akarudi kwa Bizin. Akamwegemea shingoni, palipokuwa na joto na harufu.

Kecha min ni ya kila mtu, aliwaza. Kila msichana hapa ni kecha wa mtu.

Akafunga mdomo. Akaamua.

Sitaitika tena. Labda niitwe jina.

Na abee ikabaki mdomoni, ndogo na ngumu, kama mbegu ya chungwa.

Siku ya sita Bibi alichukua ndoo ya kukamulia. Akachukua kamba ya Bizin, akampa msichana. Wakapanda.

Huko, wakati wa kiangazi, mbuzi hulala nyumbani na kula juu. Mchana wanawake hupanda kuwakamua palepale malishoni. Mama zao walifanya hivyo. Bibi zao walifanya hivyo.

Njia ilikuwa ndefu. Bibi alitangulia. Aliinama, akachuma jani, akamnusisha msichana. Lilinukia kama ndimu. Msichana akatabasamu kidogo.

Bibi naye akatabasamu kidogo. Kisha wote wawili wakatazama pembeni.

Juu kulikuwa na wanawake wengi na mbuzi wengi. Wanawake walikaa kwenye mawe. Wasichana walishika mbuzi pembe. Maziwa yalilia ndani ya ndoo.

Shii, shii. Shii, shii.

Bibi alimkamua Bizin. Kisha akamkamua mbuzi wa jirani, maana jirani alikuwa na mkono mbovu.

Bizin hakupenda kungoja. Aliona majani mazuri pale juu. Akaenda.

Msichana akafuata kamba.

Bizin aliona majani mazuri zaidi, nyuma ya mwamba. Akaenda.

Msichana akafuata kamba.

Ndipo ukungu ukaja.

Haukuja kwa kelele. Ulikuja kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ulifunika mlima. Ulifunika njia. Ulifunika mawe, moja baada ya jingine, mpaka msichana hakuona ila kamba mkononi mwake na mkia wa Bizin.

Kila kitu kikawa cheupe.

"Bibi?" akasema msichana.

Weupe haukujibu.

Alikumbuka maneno ya Mama kule sokoni. Ukipotea, kaa ulipo. Usitembee.

Akakaa. Akamvuta Bizin karibu. Jiwe lilikuwa baridi. Ukungu uliingia kwenye mikono ya koti.

Ting, akasema Bizin.

Ting, tong, ting. Kengele zilijibu kila upande, maana kila mbuzi alikuwa na kengele.

Kisha sauti zikaanza.

"Kecha min, were!"

Sauti ilitoka chini.

"Kecha min, were!"

Sauti ilitoka kushoto.

"Kecha min! Kecha min, were!"

Kila mama alimwita wake. Kila bibi alimwita wake. Mlima ulichukua sauti zote, ukazichanganya, ukazirudisha.

Were... were... ere...

Msichana alisimama nusu. Ni yupi wangu?

Akakumbuka viatu vikimtoka. Akakumbuka, mbeee, abeee, mbeee.

Akakaa tena.

Kule chini, msichana mmoja alifika kwa mama yake. Sauti moja ikanyamaza. Msichana mwingine akafika. Sauti nyingine ikanyamaza.

"Nipo hapa, acha kupiga kelele," ikasema sauti ya Zilan mahali fulani. "Nani bado?"

"Yule mgeni," ikasema sauti ya mama yake. "Wa nywele za njia njia."

"Mwiteni jina."

"Nani anajua jina lake?"

Hakuna aliyejua. Msichana hakuelewa maneno hayo. Alisikia tu hatua zikitawanyika, kwenda huku, kwenda kule.

Sauti moja ilibaki. Ilikuwa ya kukwaruza. Ilikuwa imechoka.

"Kecha min," ikasema. "Kecha min, were."

Ilisogea karibu. Kisha ikapita. Ikaenda mbali.

Msichana alifungua mdomo. Akaufunga.

Kecha min ni ya kila mtu, aliwaza. Huyo anamwita wake.

Akaficha uso kwenye shingo ya Bizin.

Nan ni mkate, av ni maji.
Na mimi, nani ataniita?

Chini kidogo, ndani ya ukungu, Bibi alisimama.

Ndoo yake ilikuwa imemwagika. Kilemba chake kilikuwa kimelowa. Aliita, hakuitikiwa. Aliita tena, hakuitikiwa.

Zilan alikuja mbio, akamshika sketi.

"Dapir," akasema. Kwao, dapir ni bibi. "Juzi mama yangu aliniita kecha min, na yule mgeni akaja mbio. Alidhani ni wewe."

Bibi akamtazama.

"Tukamcheka," akasema Zilan. Akatazama vidole vyake vya miguu. "Mimi nilicheka kidogo tu. Tangu siku hiyo haitiki kecha min. Nimemwona. Mtu akisema kecha min, anatazama chini."

Bibi aliinua macho juu, kwenye ukungu.

"Dapir, mwite jina lake."

Bibi aliweka mkono kooni.

Jina lilikuwa humo. Lilikuwa limekaa humo miaka mingi, limekunjwa, halijaguswa. Mara ya mwisho alipoliita, kulikuwa na theluji. Aliliita usiku kucha. Na hakuna aliyeitika.

Itakuwaje nikiliita tena? Itakuwaje wakinyamaza wote wawili?

Ukungu ulipita usoni mwake.

Ting.

Kengele moja. Mahali fulani juu. Kisha kimya.

Bibi akaijua kengele ile. Kila usiku huisikia chini ya sakafu yake. Lakini mlima ulikuwa umeificha. Ilitoka juu, ilitoka kulia, ilitoka kila mahali.

Bibi akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Akaweka mikono miwili mdomoni, kama wachungaji wa zamani, wale waliokuwa na mbuzi na maneno kabla ya karatasi.

"He..." akaanza.

Sauti ikakatika.

Zilan akamshika mkono.

Juu, nyuma ya mwamba, msichana aliinua kichwa. Bizin naye akainua masikio.

Hakuna aliyesema were. Hakuna aliyesema kecha min. Ukungu wote ulinyamaza, kama watoto darasani mwalimu anapofungua daftari la majina.

Na ndani ya kimya kile, kutoka chini, kwa sauti kavu, kwa sauti nzima, kwa sauti iliyopanda mlima wote bila kusimama, Bibi akaita:

"Helin!"

"Abee, Bibi."